Bakuli la Mkaguzi

Ukisahau kitu mfukoni ukapeleka nguo kwa dobi yule, kilirudi. Kilirudi kimefungwa kwenye kikaratasi, kimebanwa kwa pini kwenye shati lililonyooka. Funguo, pete, hata picha ya mtu ambaye mkeo hakutakiwa kumwona, vyote vilirudi. Kuna mwalimu mkuu mmoja alirudishiwa jino lake la bandia. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bwana Mfuko, naye alijifanya kununa, lakini jina alilipenda, asikudanganye mtu. "Sheria ya kwanza ya kazi hii," alimwambia aliyeuliza na asiyeuliza, "ni mfuko kwanza, maji baadaye."

Haya, yashikeni maneno hayo, maana ndiyo yaliyokuja kumtafuna.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya mkaa, kamba zilizovuka kutoka ukuta hadi ukuta, na chupa ya plastiki yenye kifuniko alichokitoboa matundu kwa msumari wa moto. Chupa hiyo hakuachana nayo. Nguo ikikauka kupita kiasi aliinyunyizia kidogo, akaipitishia pasi, mvuke ukapanda. Chumba cha kati kilikuwa chake. Cha nyuma kilikuwa cha binti yake.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama mtu alifariki mtoto akiwa bado hajatambaa, na Bwana Mfuko akamlea mwenyewe katikati ya mabeseni na sabuni, akimbeba mgongoni huku anapiga pasi. Tangu siku mkewe alipofariki alimwita binti huyo mama, na hakuwahi kumwita vingine. Mtoto alikua, akasoma, akawa mwalimu wa sayansi shule ya sekondari. Wenye midomo waliuliza ataolewa lini. Baba mtu aliwajibu kwamba wakishapata mchumba wampelekee nguo zake kwanza azikague mifuko.

Kinyonga aliletwa nyumbani ndani ya mkoba wa vitabu. Wanafunzi walikuwa wamemzunguka uwanjani, mawe mkononi, mwalimu akamnyakua.

"Mama," baba mtu alisema siku hiyo, amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, "hicho kitu kinalala humu humu?"

"Anaitwa Mkaguzi, baba. Mtazame. Jicho moja mlangoni, jingine darini. Kama wale wakaguzi wanaokuja shuleni, wanasoma daftari huku wanaangalia saa."

Bwana Mfuko alicheka bila kupenda, na mtu akishacheka amekubali. Binti akamtengenezea Mkaguzi kizimba cha mbao na wavu wa dirishani, akaweka matawi na mmea mmoja wenye majani mapana ndani ya kopo. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza. Kazi yote ya kumlisha na kumnywesha aliifanya binti, asubuhi kabla ya kwenda shule na jioni akirudi, mlango wa chumba chake ukiwa umefungwa. Baba hakuwahi kuingia kutazama. Kitu kile kilimtia kichefuchefu kidogo, basi, ukweli ndio huo.

Kisha binti akaanza kuvimba miguu. Akasema ni kusimama sana darasani. Akavimba uso, akasema ni usingizi. Wiki ile aliyoanza kutapika hakusema tena kitu. Asubuhi ya kupelekwa hospitali alikaa kitandani, akachana ukurasa wa daftari, akaandika pande zote mbili huku anapumua kwa shida, akamkabidhi baba yake.

"Ya Mkaguzi hiyo. Kila kitu nimeandika. Fuata tu karatasi, baba."

"Mama, wewe nimekulea nikashindwa? Nitashindwa na mjusi?"

"Si mjusi. Na nikitoka nataka nimkute."

"Utamkuta kanenepa."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati. Ndani ya teksi binti alitapika, na kifua cha baba kikalowa chote. Madaktari walimpokea, wakampima, wakamwambia mzee kwamba figo za mwanawe zimechoka sana. Alirudi nyumbani saa nane mchana peke yake, ananuka matapishi, kichwa kinavuma. Akafanya lile ambalo mikono yake ilijua kufanya bila kuambiwa: akavua shati, akalitumbukiza kwenye beseni, akalifua.

Kinyozi hajinyoi. Mifuko ya watu elfu aliipekua, ya kwake akaisahau. Alipokuwa anakamua ndipo vidole vikahisi kitu laini kama uji kifuani mwa shati. Lo! Alikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Wino ulikuwa umeondoka karibu wote. Alikianika kile kipande juani, akakifunua kwa ncha ya pini kwa muda wa saa nzima, na alichoambulia ni maneno matatu, "asubuhi na jioni", na mstari wa juu yake neno moja, "majani".

Sasa ngojeni, nisije nikamlaumu bure. Lolote lingeweza kurekebishwa siku ile ile. Saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Alikuwa na ulimi, na mwanawe alikuwa na masikio. Jirani yake fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo mzuri, alimwambia hivyo hivyo: "Si umuulize mwenyewe? Kuuliza si ujinga."

"Nimwambie nini? Kwamba mimi, mimi huyu, nimefua karatasi?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

"Kaandika akiwa hana pumzi. Nikamwambie aandike tena?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Aibu ilikuwa nusu, na nusu nyingine huruma, na vikichanganyika viwili hivyo mtu hufanya upumbavu akidhani anafanya wema. Alikwenda hospitali siku hiyo, binti akamuuliza, "Umefuata karatasi?" Naye akajibu bila kupepesa, "Neno kwa neno."

Akaanza kubahatisha. Kwa kuwa alisoma "majani", alinunua mchicha, akauosha vizuri, akauweka kizimbani asubuhi na jioni. Mkaguzi aliukalia. Akajaribu ndizi, akajaribu wali. Siku ya tatu akaua nzi kwa kandambili, akawapanga kumi na wawili kwenye kisahani kama mtu anayeandaa meza ya wageni. Mkaguzi aligeuza jicho moja, akalirudisha. Mzee alikuwa karibu kulia. Ila mmoja wa wale nzi hakuwa amekufa sawasawa. Alijipindua, akaburuza bawa, na kabla mzee hajaelewa, ulimi ukaruka kama lastiki, nzi hakuwepo tena.

"Anataka kinachotembea!" Bwana Mfuko alipiga kelele mpaka fundi cherehani akaja mbio. "Kumbe anataka kiwe hai!"

Kuanzia siku hiyo, mzee wa miaka sitini na kitu akawa anainama kwenye nyasi za uwanja wa mpira, mfuko wa plastiki mkononi, anafukuza panzi. Vijana walimzomea. Fundi akamuuliza amesajiliwa na timu gani uzeeni. Hakujali. Panzi watatu, wakati mwingine nyenje wawili kutoka chini ya mawe, aliwaachia kizimbani mmoja mmoja, na Mkaguzi aliwadaka. Saa kumi alimsimulia binti habari ya yule nzi aliyefufuka, na binti akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa kweli tupu, na kwa sababu ile ilikuwa kweli, mengine yote aliyosema yakaaminika.

Mengine hayo ni maji. Maji yalikuwa bakulini. Tangu siku ya kwanza alimwekea maji safi kwenye kibakuli, akayabadilisha asubuhi, akayabadilisha jioni. Nani asiyejua kumpa kiumbe maji? Hayakupungua. Alidhani kibakuli ni kidogo, akaweka cha bati. Akadhani bati lina harufu, akatoa bakuli la kauri lenye maua ya buluu, alilomnunulia mwanawe siku alipofaulu mtihani wa ualimu, akalijaza mpaka ukingoni. Mkaguzi alikaa tawini, nusu dhiraa juu ya maji yale, na hakuyatazama hata kwa jicho moja.

Siku ya sita macho ya Mkaguzi yalianza kuingia ndani. Yale macho yaliyokuwa yametuna, yanazunguka kila upande, yakawa yamedidimia kama vifungo vilivyoshonwa kwa nguvu mno. Ngozi ikafanya mikunjo ubavuni, na kijani chake kikageuka rangi ya jivu. Siku ya saba alikataa panzi. Mzee akamshika kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamwinamisha mpaka pua ikagusa maji. Mkaguzi akawa mweusi ti, akafumbua kinywa, akafoka kama paka. Mzee akamrudisha tawini.

"Kunywa basi, baba," alimwomba. "Maji haya hapa. Mbona unanifanyia hivi? Kunywa."

Huku hospitali, upande wa pili, mtu mwingine alikuwa anaomba maji na hapewi. Madaktari walikuwa wamempimia binti kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, basi, kwa sababu kila tone la ziada liliishia mapafuni. Midomo yake ilipasuka. Muuguzi alimlowanishia ulimi kwa pamba. Bwana Mfuko alikaa kando ya kitanda akijua kwamba nyumbani kuna bakuli limejaa lisilonyweka, na hapa kuna kinywa kilicho wazi kisichoruhusiwa, na yeye, mtu aliyeishi na maji mikononi miaka arobaini, hakuwa na la kufanya na maji kokote. Alitoka nje ya wodi akaegemea ukuta, akalia kwa kwikwi kama mtoto, watu wanapita.

Siku ya tisa binti alimwita karibu. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Baba, niambie anavyokunywa."

"Nani?"

"Mkaguzi. Mimi sinywi, nataka kusikia mwenzangu anavyokunywa. Nieleze polepole. Usiruke kitu."

Njia ya mwongo ni fupi, nayo ilifika mwisho pale, ila yeye hakuona. Alifikiri anampa mwanawe zawadi. Alivuta kiti, akaanza kusimulia vizuri, kama alivyomsimulia hadithi utotoni wakati pasi inapata moto.

"Asubuhi nikifungua mlango ananitazama kwa jicho moja. Anashuka tawini polepole, unamjua, hatua moja, anayumba, hatua nyingine. Anafika kwenye bakuli. Lile lako lenye maua ya buluu. Anainamisha kichwa, anakunywa. Anakunywa, mama! Kama ng'ombe. Mpaka maji yanapungua nayaona. Akishiba ananyanyua kichwa, maji yanamdondoka kidevuni."

Binti alikuwa amefumba macho akitabasamu. Pale kwenye neno bakuli tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yakafunguka.

"Bakuli, baba?"

"Ndiyo, lile la..."

Kengele ikalia. Muuguzi akaanza kupiga makofi mlangoni, "Muda umekwisha jamani, wazee wangu, tupisheni." Bwana Mfuko akainuka, akamshika mwanawe kisigino kilichovimba, akasema kesho. Binti alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, akainua vidole viwili kama anayetaka kusema kitu. Mzee aliona ni kwaheri, akapunga mkono.

Kesho yake pazia lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda na ndugu hawakuruhusiwa kukaribia. Alisimama mlangoni saa nzima, kofia mkononi. Nyumbani Mkaguzi alikuwa ameshuka mpaka kwenye tawi la chini, amefumba macho mchana kweupe, na mzee alimwambia fundi cherehani, "Huyu akifa nitamwambia nini mama?" Fundi akamvutia kiti.

Siku ya kumi na moja walimpigia simu asubuhi. Hakuhitaji kuambiwa alipofika, maana aliona kitanda. Shuka ilikuwa mpya, imepigwa pasi, kona zimekunjwa sawasawa, na yeye anajua shuka iliyotandikwa kwa mgonjwa na shuka iliyotandikwa kwa yeyote atakayekuja. Muuguzi alimshika kiwiko, akamkalisha, akampa mfuko wa nguo. Akasema usiku wa juzi mgonjwa aliomba kalamu, akahangaika sana, wakamkataza asijichoshe, hakusikia. Mzee hakuelewa anaambiwa nini. Aliitikia tu, "Ahsante, mwanangu. Ahsante."

Mchana nyumba ilijaa. Majirani walileta viti, wanaume wakakaa uani, wanawake wakajaa chumba cha mbele kati ya mashati ya watu yaliyoning'inia. Kila mtu alimwambia ajikaze. Bwana Mfuko alijikaza nusu saa, kisha akashindwa kukaa. Mikono ilikuwa inamuwasha. Akachukua ule mfuko wa hospitali, akatoka nao mpaka kwenye beseni, akamimina maji. Fundi cherehani alitaka kumzuia, mwingine akamwambia mwache, ndiyo kazi anayoijua.

Akatoa sweta ya binti yake. Na safari hii, Mungu wangu, safari hii mkono ulikwenda mfukoni kwanza.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Mwandiko uliporomoka kutoka mstari mmoja hadi mwingine, mahali pengine kalamu ilitoboa. Aliisoma amesimama, midomo inatamka.

"Baba, hanywi kwenye bakuli, hata yakiwa mengi. Maji yaliyotulia hayaoni. Nyunyizia majani ya mmea wake, asubuhi na jioni, mpaka matone yaning'inie. Halafu kaa mbali, ana haya akitazamwa. Chupa yako ya pasi inatosha. Usilie. Najua ile ya kwanza ilipotea. Ungeniuliza tu."

Majuto ni mjukuu, huja kinyume, wazee walisema, na wakasema kweli. Chupa yake ya pasi! Siku kumi na moja chupa ile ilikuwa mkononi mwake, ananyunyizia suruali za watu, chumba kimoja tu katikati. Kizimba alikiacha chumba cha nyuma kwa makusudi, moshi wa mkaa usije ukamdhuru. Kila kitu alikifanya kwa upendo, na hakuna hata kimoja kilichofaa.

Alipita katikati ya wanawake, akachukua chupa mezani, akaingia chumba cha nyuma. Mkaguzi alikuwa pale pale chini, kijivu, bapa, mguu mmoja umeachia tawi. Mzee alidhani amechelewa na huku pia. Hata hivyo akainua chupa, akanyunyiza, kama anyunyizavyo ukosi wa shati la arusi, kidogo kidogo, juu ya majani mapana, tena na tena, mpaka matone yakakusanyika kwenye ncha na kuning'inia. Akaliondoa lile bakuli. Akarudi nyuma, akakaa sakafuni nyuma ya nguo za binti zilizokuwa kwenye kigingi, akachungulia kwa upenyo wa gauni.

Muda mrefu hakukuwa na kitu. Tone moja likaanguka, likampiga Mkaguzi kichwani. Jicho likafunguka. Likazunguka, likapata jani. Mguu ukashika tawi, hatua moja, akayumba, hatua nyingine. Akaunyoosha mdomo kwenye ncha ya jani, akalamba tone. Akatafuna kama mtu anayeonja chumvi. Akalamba jingine. Koo likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na mzee akawa anahesabu bila kujua kwamba anahesabu, tano, sita, saba, machozi yanamwingia kinywani.

Alikuwa anakunywa. Safari hii si hadithi.

Mzee akainuka haraka, magoti yakalia. Akatazama saa ukutani: saa kumi kasoro dakika kumi. Akavaa viatu. Akachukua kofia kwenye msumari, akapita chumba cha kati, akapita chumba cha mbele, wanawake wakampisha, akatoka uani anatembea kama mtu anayechelewa, uso umechangamka mpaka wanaume waliokuwa kwenye viti wakasimama.

"Bwana Mfuko," fundi cherehani akamkimbilia, akamshika mkono. "Unakwenda wapi?"

"Anakunywa," alisema. "Niachie, kengele italia. Nakwenda kumwambia mama, anaku..."

Akawatazama watu wote wale uani kwake, na viti, mmoja baada ya mwingine, kama aliyekuwa hajawaona. Kisha akavua kofia.